Shajara ya mradi: kitawi kimoja, kutoka tumba hadi ua

Mwisho wa Februari

Mradi wa msimu huu ni mmoja: kitawi cha chestinati farasi, mti ambao jina lake la kitaalamu ni *Aesculus hippocastanum*. Nitakichora tangu tumba la nchani likiwa limefumba mpaka kishada cha maua kitakapochanua mwezi Mei. Nitatumia rangi za maji, vipimo vya mmea wenyewe bila kupunguza wala kuongeza, na karatasi ya pamba tupu yenye uso laini, gramu 300 kwa mita ya mraba. Pembeni nitakuwa na karatasi ndogo za maua ya ardhini, yale yanayowahi kuchanua kabla miti haijavaa majani na kuyazibia jua. Hayo nayo yamo katika kisa hiki hiki, maana mmea mdogo wa chini ya miti una wiki chache tu za mwanga mkali kwa mwaka, na machipuko ndiyo nafasi yake.

Nimeuchagua mti huu kwa sababu mambo yake yanaonekana kwa macho. Tumba la nchani lina urefu wa sentimita 2 na zaidi. Magamba yake ya hudhurungi yamepandana mawili mawili, kila jozi ikikaa msalaba juu ya jozi iliyo chini yake. Juu ya magamba kuna utomvu unaonata kidoleni na kung'aa dirishani. Mng'ao huo mtu akiutazama harakaharaka anauona mweupe, lakini ukikaa nao utaona una samawati hafifu, kwa sababu ni anga linalojiakisi kwenye utomvu. Nitaanza kwa kuupaka samawati nyepesi mno, niache ikauke kabisa, kisha niuzungukie kwa hudhurungi.

Kijiti chenyewe kina historia. Chini ya kila tumba la pembeni pana kovu la jani lililodondoka mwaka jana, lenye umbo la kiatu cha farasi, na ndani ya kovu kuna nukta zilizopangwa kwa upinde. Hapo ndipo mishipa ilipopita kuingia kwenye jani. Nukta hizo mara nyingi hulingana na idadi ya vijani, yaani majani madogo yanayounda jani moja, vilivyokuwamo, kwa hiyo naweza kujua jani nisiloliona lilikuwaje. Ukishuka zaidi unakuta pete za makunyanzi membamba, mahali magamba ya tumba la nyuma yalipobanduka, na umbali kutoka pete moja hadi nyingine ni ukuaji wa mwaka mmoja. Kitawi changu mwaka mmoja kilirefuka kuliko kiganja, na mwaka uliotangulia huo hakikuzidi upana wa ukucha. Sijui kilikabwa na nini, ila pete hizo nitazichora kwa umbali wake halisi, kwa bikari yenye ncha mbili, ili atakayeisoma picha aione miaka hiyo miwili ilivyotofautiana.

Machi, siku za mwanzo

Tumba bado limelala. Nimetumia muda huu kwa *Galanthus nivalis*, lile ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa na kutoka ardhini wakati baridi haijaisha.

Ua hili lina vipande sita vyeupe katika mizunguko miwili. Vitatu vya nje ni virefu na vimepinda ndani kidogo. Vitatu vya ndani ni vifupi, vina pengo dogo nchani, na karibu na pengo hilo kuna alama ya kijani. Wengi huchora alama hiyo wakaishia hapo. Mimi nimelipindua ua, nikalitazama ndani kwa lenzi inayokuza mara 10. Upande wa ndani wa vipande hivyo vifupi una mistari ya kijani inayoshuka sambamba, misafi kabisa. Kwa kuwa kichwa kimeinama, mistari hiyo haionekani ua likisimama kwenye chupa. Kwa hiyo karatasi hii itakuwa na ua zima, na pembeni kipande kimoja cha ndani kilichopinduliwa na kukuzwa mara 3.

Kuchora kitu cheupe kwenye karatasi nyeupe ndiyo kazi inayonifundisha nidhamu kuliko zote. Weupe tayari upo, ni wa karatasi, kwa hiyo ninachopaka ni vivuli peke yake. Kijivu changu nakichanganya kwa buluu ya ultramarini na siena ya kuchomwa, ambayo ni hudhurungi yenye wekundu, maji mengi, rangi kidogo sana. Palipo karibu na kikonyo naongeza kijani kidogo, kwa sababu kijani cha jirani huruka na kuangukia juu ya weupe. Vipande viwili vinapogusana, kimoja hupata kivuli baridi na kingine chenye joto. Siuzungushii ua mstari wa penseli. Sehemu ya ukingo nimeiacha ipotee kabisa kwenye karatasi, na jicho la mtazamaji linaikamilisha lenyewe bila taabu. Pale ninapotaka ukingo uonekane wazi nimepitisha jani nyuma yake.

Machi, katikati

Leo nimepasua tumba.

Nilikata moja la pembeni kwa wembe mpya, wima, kutoka ncha hadi shina, nikaliweka chini ya lenzi. Nje magamba yenye utomvu, ndani yake magamba mengine membamba yasiyonata, rangi ikififia kuelekea kijani. Kisha manyoya meupe, laini, mengi kupita kiasi, yamesokotwa na kujaza kila upenyo. Katikati ya manyoya hayo majani yote yamo, na vijani vyake vyote, vimekunjwa na kubanwa, vidogo kiasi cha kuhesabika kwa ncha ya sindano. Tumba la nchani lililokatwa baada ya hilo lina kitu cha ziada: kishada kizima cha maua, punje za kijani zilizoshonana, kila moja ikiwa ua la mwezi Mei.

Vyote hivi viliundwa kiangazi kilichopita. Wakati majani ya mwaka jana yalipokuwa yakifanya kazi juani, mti ulikuwa tayari unajenga ya mwaka huu na kuyafungasha. Baridi yote hii mzigo ulikuwa umekaa tayari, ukisubiri joto.

Jambo hili limegeuza namna ninavyouelewa mradi wenyewe. Picha nyingi za machipuko hutafuta ubichi: rangi nyepesi, kingo laini, umande. Ubichi upo, sikatai, na unanivuta kila ninapotoka nje asubuhi. Lakini kinachonishika kwa nguvu zaidi ni mpangilio. Machipuko ni kukunjuka kwa kazi iliyokwisha kufanywa, na mchoraji akiichora mikunjo sawasawa, ubichi unakuja wenyewe. Akianza na ubichi, hupata ukungu wa kijani usio na mifupa.

Kwa hiyo utaratibu wa karatasi kubwa umeamuliwa leo. Kutakuwa na hatua tano za tumba zikisimama mfululizo kwa ukubwa halisi, na chini yake mkato huu wa wima ukikuzwa mara 4, kwa penseli na kivuli cha kijivu tu, bila rangi. Nataka mtazamaji aone kwanza kilichofungashwa, ndipo macho yapande juu kuona kinavyofunguka.

Neno kuhusu mishipa, kwa sababu limenisaidia papo hapo. Ndani ya tumba kila kijani kimekunjwa kwenye mshipa wake mkuu, na kati ya mishipa ya pembeni kimekunjwa tena mikunjo midogo midogo. Maana yake ni kwamba mishipa ya jani pana la mwezi Mei ndiyo ramani ya mikunjo ya mwezi Machi. Mchoraji anayejua hivyo hawezi kutupa mishipa ovyo ovyo juu ya jani. Anaihesabu, anaangalia kama imeachana sawa, anaangalia inavyopinda ikifika ukingoni.

Machi, siku za mwisho

Limefunguka.

Nilikuwa nimeweka vitawi viwili: kimoja kwenye chupa ya maji ndani, karibu na dirisha lenye ubaridi, kingine nimekiacha mtini na kukifunga uzi ili nisikipoteze. Cha ndani kimewahi, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu joto ndilo linaloongoza. Faida ya kuwa navyo viwili ni kwamba cha ndani kinanionyesha hatua itakayofuata, halafu nakwenda mtini kuichora ikitokea kwa mwendo wake wa kawaida. Usiku cha ndani nakihamishia mahali penye baridi zaidi ili kipunguze kasi.

Magamba yamejipindua nyuma. Upande wao wa ndani una waridi iliyopauka ambayo huwezi kuidhania ukiwa umeyazoea yakiwa yamefumba. Majani yametoka na manyoya yake yote, na vijani vimening'inia vikielekeza ncha chini, kama mwavuli uliokunjwa. Vikonyo vyake bado ni laini, havijakakamaa kiasi cha kubeba uzito. Jani likiwa katika hali hii nalipenda kuliko likiwa limetanuka, maana mikunjo yote niliyoiona chini ya lenzi sasa iko wazi, kila mmoja una kilele chenye mwanga na bonde lenye kivuli.

Shida ni muda. Ninachokianza asubuhi jioni kimeshabadilika. Haiwezekani kumaliza kupaka rangi kitu kinachokua mbele yako, kwa hiyo penseli inatangulia na rangi inaandikwa.

Hapa namkumbuka Ferdinand Bauer, mchoraji kutoka Austria aliyeishi kati ya 1760 na 1826. Mwaka 1801 alipanda meli ya Investigator, iliyoongozwa na Matthew Flinders, kwenda kuchora mimea na wanyama wa Australia. Safarini hakukuwa na nafasi ya kupaka kila picha, na vielelezo vilikuwa vikinyauka. Alichora kwa penseli kwa usahihi mkubwa, kisha akajaza mchoro namba, kila namba ikisimama badala ya rangi moja mahususi. Mfumo wake ulifikia karibu namba elfu moja. Aliporudi Ulaya alipaka rangi akifuata namba hizo, na mimea ilitoka hai.

Mimi sihitaji namba elfu moja kwa mti mmoja. Nimetengeneza ukanda wa karatasi ile ile ninayochorea, nikapaka vipande vidogo vya rangi, na chini ya kila kimoja nimeandika mchanganyiko wake. Nausogeza ukanda huo hadi uguse jani, mtini, kwenye mwanga wa mchana, na naandika kwenye mchoro alama ya kipande kinachofanana. Waridi ya ndani ya gamba ina alama yake, manyoya yenye kivuli yana yake, na ukingo wa kijani unapopitwa na jua una yake. Jioni ninapokaa mezani jani linakuwa limeshakuwa kitu kingine, lakini la asubuhi ninalo.

Aprili, wiki ya kwanza

Kijani. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo machipuko yanapopatikana au kupotea.

Jani changa lina kijani cha aina yake kwa sababu mbili. Klorofili, kitu kinacholipa jani ukijani wake, bado inaongezeka, kwa hiyo manjano inaonekana zaidi. Pili, jani ni jembamba, na mwanga unapenya na kutokea upande wa pili. Ndiyo sababu jani moja lina rangi mbili za kijani zilizo mbali sana. Mahali anga linapoakisiwa juu ya uso wa jani, rangi ni baridi, inakwenda kwenye samawati, imepauka. Mahali jua linapopita ndani ya jani na kulifikia jicho langu, rangi ni chanikiwiti yenye moto. Mchoraji akitumia kijani kimoja na kukitia giza upande wa kivuli, jani linakufa, hata umbo likiwa sahihi.

Rangi za kijani za kwenye tyubu siziamini kwa kazi hii. Nyingi ni za baridi na zinapiga kelele juu ya karatasi. Nachanganya mwenyewe: manjano yenye pigmenti PY154, buluu ya PB15:3 kwa kijani kikali, PB29, yaani ultramarini, kwa kijani kilichotulia, na PV19, ambayo ni waridi nzito, kwa kukivunja kijani kikizidi ukali. Msimbo huo wa pigmenti huandikwa ubavuni mwa tyubu, na ninawasihi wenzangu wausome kabla ya kusoma jina la rangi. Majina hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, msimbo haubadiliki.

Mezani kwangu hamna PR83, ile nyekundu ya alizarini ya zamani, wala PY40, ile manjano ya kobalti, ingawa zote mbili ni nzuri machoni zikiwa mbichi. Mwanga unaziharibu. Kila rangi ninayoitumia imekaa dirishani kiangazi kizima, nusu ya kipande ikiwa imefunikwa kwa kadi nyeusi na nusu ikiwa wazi. Kadi ikiondolewa, ukiona mpaka kati ya nusu mbili, rangi hiyo haiingii kwenye picha. Picha ya mmea ni kumbukumbu ya mmea, na kumbukumbu inayopauka inamdanganya atakayeitazama baadaye.

Namna ninavyolijenga jani: kwanza manjano safi, nyepesi, jani zima isipokuwa palipo na mwakisiko wa anga, ambapo napitisha samawati nyepesi. Naacha ikauke kweli kweli. Kisha kijani chembamba juu ya manjano, tabaka moja, nikiuacha mshipa mkuu. Kisha mabonde ya mikunjo, moja moja, kwa brashi namba 4 yenye ncha kali, nikilainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye unyevu na kuuacha wa pili ukiwa mkali. Mkunjo husomeka kwa tofauti hiyo ya kingo mbili. Mwisho brashi karibu kavu, kwa vinyweleo na mishipa midogo. Manjano ya tabaka la kwanza ndiyo inayofanya jani lionekane lina taa ndani yake, na ikishafunikwa kwa kijani kizito hairudi tena.

Mwanga wangu unatoka kushoto juu, kama ilivyo desturi ya michoro ya mimea, na katika hatua zote tano sijaubadilisha. Hatua zikiwa na mianga tofauti, mtazamaji hawezi kuzilinganisha.

Aprili, katikati

Upepo na mvua. Nje hakuchoreki. Nimepaka kijiti, makovu na pete za miaka, kazi isiyo na haraka kwa kuwa gome halibadiliki. Kijivu cha gome kina zambarau ndani yake, na vitundu vidogo vya kupumulia vinavyoonekana juu yake vina rangi ya udongo mkavu.

Aprili, wiki ya mwisho

Wakati majani yanakakamaa nimerudi ardhini kwa maua mawili.

La kwanza ni *Primula veris*, lenye vikombe vya manjano vinavyoning'inia upande mmoja wa bua. Ukichungulia mdomoni mwa ua, utaona kimojawapo cha vitu viwili: punje moja ya kijani, au duara la chavulio tano, yaani vifuko vya chavua, unga wa uzazi wa ua. Hayo ni maumbo mawili ya mmea ule ule. Katika umbo la kwanza stigma, yaani ile punje inayopokea chavua, imebebwa na kijiti kirefu hadi mdomoni, chavulio zimekaa katikati ya mrija. Katika la pili mambo yamegeuka: chavulio ziko juu, stigma iko chini. Charles Darwin aliandika juu ya jambo hili mwaka 1862, akieleza kwamba mpangilio huo unasaidia chavua ya umbo moja ifike kwenye stigma ya umbo jingine. Mdudu akipenyeza mdomo wake, chavua humganda mahali panapolingana na stigma ya ua la aina nyingine.

Mchoro wa ua hili ukionyesha umbo moja tu umesema nusu ya habari. Nimechora mikato miwili ya wima, ubavu kwa ubavu, kila mmoja mara 3 ya ukubwa wake, mirija ikianzia kwenye mstari mmoja wa chini ili tofauti ya vimo ionekane bila maelezo. Nimefurahi sana na karatasi hii. Ni ndogo, haina mbwembwe, na mtu asiyejua kusoma lugha yoyote ataielewa.

La pili ni *Fritillaria meleagris*, kengele yenye miraba ya damu ya mzee na waridi hafifu. Watu wakiliona mara ya kwanza hudhani limepakwa na mkono wa mtu. Nimelitazama kwa muda mrefu kabla ya kugusa penseli, nikitafuta miraba inafuata nini. Inafuata mishipa. Mishipa inashuka sambamba kutoka kwenye bega la kengele hadi kwenye mdomo, na miraba imepangwa kati yake, giza na mwanga kwa zamu. Karibu na bega ni midogo na imebanana, katikati inapanuka, na karibu na mdomo inabanana tena. Pale kipande kinapogeuka kuelekea nyuma, miraba inakonda mpaka inakuwa vistari.

Kwa hiyo nilichora mishipa kwanza, kwa penseli ngumu isiyoacha weusi, nikihakikisha imejipinda pamoja na mwili wa kengele. Halafu nikapaka waridi nyepesi kote, na juu yake kivuli cha kengele nzima, ubavu mmoja gizani na mwingine kwenye mwanga. Miraba ilikuja mwisho, ikapita juu ya kivuli kilichokwisha kuwapo. Ukianza na miraba, unapata kitambaa kilichotandazwa. Ukianza na kivuli, unapata kengele. Ni jambo lile lile la mikunjo ya chestinati, kwa mlango mwingine: umbo litangulie, mapambo yafuate.

Kingo za miraba si za rula. Kila mmoja una meno madogo, na giza linamwagikia kidogo kwenye jirani yake. Nimeuchora kila mmoja kama nilivyouona mahali pake.

Mei, siku za mwanzo

Kishada kimesimama. Ni zile punje za mkato wa Machi, sasa ni maua, wima juu ya kitawi, na majani yameinuka na kutanuka pande zote.

Tatizo la kwanza ni nafasi. Jani moja lililokomaa lina vijani 5 hadi 7, na majani mawili yanayotazamana yakitandazwa kwa ukubwa halisi yanaimaliza karatasi. Kupunguza ukubwa sitaki, kwa sababu hatua nyingine zote ni za ukubwa halisi na zingepoteza mlingano. Uamuzi: jani moja nalipaka rangi kikamilifu, la pili nalichora kwa mstari wa penseli tu, tena nusu yake inapita nyuma ya kishada. Nimeusimamisha mchoro ukutani nikautazama kutoka mbali, na mstari mtupu unalipa jani la rangi hewa ya kupumua. Ungekuwa mpangilio mzuri hata kama karatasi ingekuwa kubwa.

Ua moja moja ndilo lililoniteka. Petali ni nyeupe, 4 au 5, kingo zake zimekunjamana, na stameni, yaani vijiti vyenye chavulio nchani, kwa kawaida 7, zimechomoza mbele zikijipinda juu. Kwenye petali za juu kuna doa. Katika ua lililofunguka karibuni doa ni la manjano. Katika ua la zamani kidogo doa limekuwa jekundu. Ndani ya kishada kimoja yako yote mawili, na machungwa ya katikati pia. Doa la manjano ndilo la wakati ambao ua lina nekta, maji matamu wanayoyafuata nyuki. Likigeuka jekundu, nekta imekwisha, na nyuki, ambaye macho yake hayaoni nyekundu vizuri, anakwenda kwenye lenye manjano. Mti unamwelekeza mgeni wake mahali penye faida kwake na kwa mti pia.

Mchoraji akipaka madoa yote mekundu kwa sababu ni mazuri zaidi, amefuta taarifa hiyo. Nimepitia kishada changu ua kwa ua na kuandika kwenye mchoro wa penseli hali ya kila doa: manjano, kati, jekundu. Rangi ni PY154 tupu kwa changa, PY154 na tone la PV19 kwa la kati, PV19 iliyotiwa joto kidogo kwa la zamani. Weupe wa petali umetokana na kazi ya Machi: karatasi, vivuli vyembamba, na kingo zilizoachwa zipotee. Nyuma ya kishada jani la rangi linafanya kazi ya kuzionyesha petali za kushoto, na upande wa kulia, kwenye jani la penseli, stameni zenyewe ndizo zinazobeba ukingo.

Mei, wiki ya mwisho

Hali ya mradi kwa sasa. Karatasi kubwa ya hatua tano imekamilika, pamoja na mkato wa tumba chini yake. Karatasi ya kishada imekamilika isipokuwa vivuli vya mwisho chini ya stameni. *Galanthus*, *Primula* na *Fritillaria* ziko tayari.

Kilichobaki ni cha mezani. Kila mkato unahitaji kistari cha kipimo, si maneno "mara 4" peke yake, kwa sababu picha ikichapwa kwa ukubwa mwingine maneno yatakuwa ya uongo na kistari kitabaki sahihi. Nyuma ya kila karatasi naandika kwa penseli jina la kitaalamu, mwezi na mwaka, na misimbo ya pigmenti zote zilizotumika. Ukanda wa rangi niliokuwa nikiupeleka mtini nitauhifadhi pamoja na picha katika jalada moja lisilo na asidi, maana bila huo alama zilizomo kwenye michoro ya penseli hazitasomeka na mtu mwingine.

Nimefikiria kama mkato wa tumba upewe karatasi yake, kwa vile umetoka vizuri kuliko nilivyotarajia na ungeweza kujisimamia. Nimeamua ubaki pale pale chini ya hatua tano. Ukiwa peke yake ni mchoro mzuri wa penseli. Ukiwa pale, mtu anaweza kuweka kidole kwenye punje moja ya kijani na kuifuata hadi ilipoishia. Vivuli vya stameni navimaliza mwanga wa kesho asubuhi ukiwa mzuri, kisha karatasi zote zinapigwa picha kwa mwanga wa mchana, kivulini, kabla hazijaingia jaladani.